Aliyekosa Namba ya OB

Mwaka 2019, serikali ya Kenya ilihesabu visa 93,411 vya uhalifu vilivyoripotiwa kwa polisi. Mimi najua kisa kimoja ambacho hakimo kwenye hesabu hiyo, kwa sababu nilikuwepo kilipokataliwa kuingia.

Ilikuwa Jumapili, saa nne usiku. Binamu yangu alinipigia simu akiongea kama mtu aliyejaza maji mdomoni. Nilimkuta kwenye duka la dawa karibu na steji, amekaa kwenye kiti cha plastiki, leso ameizungusha kichwani kama mtu anayeumwa na jino. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umefura mpaka jicho likawa dogo. Mwenye duka alimpa vidonge vya maumivu, akakataa kufanya zaidi ya hapo. "Hii ni kesi, dada. Anzeni na polisi."

Tukaanza na polisi. Afande wa zamu hakuwa mkali, na nalisema hili mapema kwa sababu sina ugomvi na ukali wa mtu mmoja. Alikuwa kijana mpole, jaketi amefunga zipu hadi shingoni kwa baridi. Mbele yake kulikuwa na kile kitabu kikubwa cha matukio, OB, na kwa vile mimi husoma chochote kilichoandikwa, hata kikiwa kimegeuzwa juu chini, nilisoma mstari wa mwisho. Mtu alikuwa amepoteza kitambulisho.

"Nani amekupiga?"

"Bwanangu."

"Mko na watoto?"

"Wawili."

Akaiweka kalamu chini. "Sasa mama, niambie ukweli. Nikituma watu wamshike usiku huu, kesho asubuhi si utakuja hapa na watoto kunililia nimwachilie? Haya ni mambo ya nyumba. Enda ulale kwa dadako. Mkiamka na bado mna shida, rudini tuandike."

Hatukurudi. Kitambulisho kilichopotea kilipata namba ya OB, taya la binamu yangu halikupata.

Ndiyo maana kila mwaka Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, linapotoa ripoti yake ya hali ya uchumi, mimi huruka mahindi, chai na saruji nikaenda moja kwa moja kwenye sura ya utawala, amani na usalama. Humo mna majedwali ya makosa yaliyoripotiwa, watu waliohukumiwa, na wafungwa walioingia magerezani. Na kila mwaka vyombo vya habari hufanya kitu kilekile. Huchukua jumla ya mwaka huu, wakaiweka kando ya jumla ya mwaka uliopita, kisha wakatangaza kwamba uhalifu umepanda au umeshuka kwa asilimia kadhaa. Mkubwa fulani serikalini akilipenda jibu analitaja kwenye hotuba. Akilichukia, anaunda jopokazi.

Nataka kusema waziwazi kwamba tunachotangaziwa ni kiasi cha kazi ambayo kalamu ya afande ilifanya. Ni hesabu ya mistari kwenye vitabu vya vituo, iliyokusanywa hadi kaunti, kisha hadi makao makuu ya polisi, kisha ikapelekwa KNBS kuchapishwa kwa karatasi nzuri. Kuna mahali kalamu ilikaa chini, na mahali hapo hapaonekani.

Tuchukue mwaka 2020. Kutoka 93,411, visa vilivyoripotiwa vilishuka hadi 69,645. Robo nzima ya uhalifu wa nchi ikayeyuka. Mtu asiyetujua angedhani tulitubu. Lakini sisi tuliokuwepo tunaukumbuka mwaka ule. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi. Baa zilifungwa, kazi zikaisha, na watu wakafungiwa ndani ya chumba kimoja na wale waliokuwa wakiwapiga hata kabla ya korona. Ilipofika Julai, Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe aliagiza Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu kichunguze kuongezeka kwa dhuluma za kijinsia. Yaani ndani ya mwaka mmoja, ikulu inasema dhuluma zimezidi, na jedwali linasema uhalifu umepungua robo. Wote ni serikali.

Sitaki kudanganya. Huenda makosa mengine yalipungua kweli, maana mwizi wa mfukoni hana kazi steji ikiwa tupu. Lakini hebu jiulize mwanamke aliyepigwa saa tatu usiku angefikaje kituoni wakati wa kafyu, ilhali anayekusimamisha njiani na rungu ni polisi. Siku tatu tu baada ya kafyu kuanza, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi, polisi walipokuwa wakiwafukuza watu mtaani. Nani angetoka nje usiku kwenda kuripoti? Jumla moja kubwa ina tabia ya kumeza mambo. Inameza pochi iliyoibwa na mbavu zilizovunjika, halafu inatuambia tumeendelea.

Sasa, KNBS hiyohiyo ina kitabu kingine, na hiki ndicho huniudhi zaidi, kwa sababu kinaonyesha kwamba kuhesabu vizuri kunawezekana. Ni utafiti wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022. Humo hawakunakili vitabu vya polisi. Walienda majumbani. Kwa maswali ya dhuluma walichagua mtu mmoja tu katika nyumba, wakakaa naye faraghani, na pale ambapo faragha haikupatikana, maswali hayo hayakuulizwa. Hakuna aliyemwambia aende kulala. Katika kila wanawake 100 wa kati ya miaka 15 na 49, 34 walisema wamewahi kuumizwa kimwili tangu wafike miaka 15. Wanawake 13 katika kila 100 walisema wamewahi kudhulumiwa kingono.

Tufanye hesabu ya kijinga, ile ya nyuma ya risiti. Sensa ya 2019 ilipata wanawake na wasichana zaidi ya milioni 24. Toa watoto, toa akina nyanya, chukua milioni kumi tu ili tusibishane. Asilimia 13 yake ni milioni moja na laki tatu. Najua mwanatakwimu atainua mkono aseme kwamba "umewahi" ni maisha mazima na jedwali la polisi ni la mwaka mmoja. Sawa, gawanya. Gawanya kwa miaka 35 yote, na umhesabu kila mwanamke mara moja tu hata kama alidhulumiwa mara kumi. Unapata takriban 37,000 kwa mwaka, na hapo nimekuhurumia. Mwaka 2019, na hata 2020, fungu zima la polisi ambamo ubakaji huwekwa halikufika visa 10,000. Hata theluthi moja hatujafika. Waliobaki wako wapi? Wako kwenye kitabu cha afya. Kwenye kitabu cha usalama hawajawahi kuzaliwa.

Mtu atasema kwamba wanawake wenyewe hawaripoti, polisi watawasaidiaje? Meru walijibiwa swali hilo. Tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walikiuka haki za wasichana walionajisiwa kwa kukosa kufanya uchunguzi wa haraka na wa maana kuhusu malalamiko yao. Wasichana hao waliripoti. Walifika, wakasema, na mfumo ukawatazama tu. Mwezi uliofuata, kule Busia, msichana wa miaka 16 alibakwa na genge la vijana na kutupwa kwenye shimo la choo. Washukiwa walioshikwa waliambiwa wafyeke nyasi za kituo, wakaenda nyumbani. Ilichukua kelele za dunia nzima na saini za watu zaidi ya milioni moja kabla ya kesi hiyo kusonga, na hukumu za kwanza zilipatikana 2015. Wangapi walifyeka nyasi bila gazeti kujua? Hakuna jedwali la nyasi.

Halafu kuna majina ya mafungu yenyewe. Niliposoma ripoti za polisi kwa mara ya kwanza nilitafuta ubakaji nikaukosa. Nikaupata chini ya fungu liitwalo makosa dhidi ya maadili. Ubakaji, kunajisi watoto, na hapohapo karibu, kuoa mke wa pili kinyume cha sheria. Maadili ya nani? Mtoto wa miaka minane akinajisiwa, aliyekosewa ni mtoto, wala si maadili. Lugha hiyo ilitoka kwenye sheria ya adhabu ya mwaka 1930, iliyoandikwa na mkoloni. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ile aliyoipigania Njoki Ndung'u bungeni akiwa mbunge wa kuteuliwa, iliondoa sehemu kubwa ya mawazo hayo kwenye vitabu vya sheria. Wenye majedwali hawakupata habari.

Na hata sheria hiyo ya 2006 ilipita ikiwa imechanwachanwa. Ilikuwa na kifungu cha 38, kilichosema kwamba anayemsingizia mtu kosa la kingono aadhibiwe sawa na aliyelitenda. Fikiria umebakwa, ushahidi ni wewe tu, na unajua kwamba mahakama isipokuamini wewe ndiwe utageuzwa mshtakiwa. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2012, lakini kwa miaka sita kilikaa pale kama mbwa mlangoni. Na hadi leo kifungu cha 43 kinawaacha nje watu waliooana kisheria. Mume akimlazimisha mkewe, kisheria hajabaka. Kisichokuwa kosa hakiandikwi, na kisichoandikwa hakijatokea. Kwa hesabu rasmi, hakuna mwanamke hata mmoja nchini aliyewahi kubakwa na mumewe wa ndoa. Hongera zetu.

Fungu la mauaji nalo ni gunia. Kwa miaka mingi ripoti za polisi zimeweka humo mauaji ya kukusudia, kuua bila kukusudia, vifo vya kuendesha gari vibaya, kutoa mimba, kuficha uzazi, na hata kujiua. Msichana aliyezaa kwa siri akaficha, na mtu aliyemkatakata mpenzi wake kwenye chumba cha kukodi, wameingia gunia moja. Lakini watalii wana fungu lao peke yao. Sitanii. Mtalii akinyang'anywa mkoba ufuoni Diani, kuna safu ya kunyang'anywa mikoba ndani ya fungu la makosa yanayohusu watalii. Mwanamke wa Umoja au Rongai akiuawa na mumewe hakuna safu inayosema hivyo. Anaingia gunia.

Ndiyo maana Januari 2024, wanawake walipojaa barabarani Nairobi, Mombasa, Kisumu na kwingineko kusema wanauawa, serikali haikuwa na namba ya kuwajibu. Waliokuwa nayo ni wachanganuzi wa data na wanahabari wa Odipo Dev, Africa Data Hub na Africa Uncensored, waliokaa wakisoma taarifa za magazeti moja baada ya nyingine na kuhesabu angalau wanawake 500 waliouawa kati ya 2016 na 2023. Magazeti! Nchi yenye vituo vya polisi kila mahali, na mwananchi anayetaka kujua wangapi wameuawa anarudi kwenye vichwa vya habari kama mzee anayekata vipande vya taarifa za vifo. Baadaye mwaka huohuo polisi wakatangaza kwamba wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba. Kumbe wakitaka wanaweza kuhesabu. Walitaka baada ya watu kuandamana.

Tuje kwenye safu ya waliopatikana na hatia. Hii ndiyo safu ambayo wakubwa hupenda kujigamba nayo, na mimi nadhani ndiyo yenye uongo mwingi kuliko zote, ingawa kila namba ndani yake huenda ni ya kweli.

Enda mahakama yoyote ya hakimu asubuhi ya Jumatatu. Utaona mstari wa watu waliokamatwa Ijumaa na Jumamosi. Mama wa chang'aa, kijana aliyekutwa akizurura, mchuuzi asiye na kibali, wawili waliopigana kwa sababu ya deni la soda. Karani anasoma, mkalimani anauliza, "Ni kweli ama si kweli?" Mama anajibu, "Ni kweli, mheshimiwa." Anasema ni kweli kwa sababu ana mtoto anayenyonya nyumbani, kwa sababu hana wakili, kwa sababu mahabusu mwenzake amemwambia ukikataa utapewa tarehe ya mwezi ujao na dhamana usiyoweza kulipa. Faini elfu kadhaa au mwezi mmoja ndani. Imeisha. Dakika tatu, na nchi imepata mtu mmoja zaidi aliyepatikana na hatia.

Hiyo ni hatia moja. Aliyeua naye, akipatikana, ni hatia moja. Kesi yake husikizwa Mahakama Kuu, na inaweza kuchukua miaka. Wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri waliuawa Juni 2016. Maafisa watatu wa polisi na mpashaji habari mmoja walipatikana na hatia Julai 2022, wakahukumiwa Februari 2023. Kesi hiyo ilikuwa na mawakili wakali, wanahabari kila siku, mashirika ya nje na ya ndani, na bado ilichukua karibu miaka saba kutoka mtoni hadi hukumuni. Sasa niambie, hatia ya 2022 utaigawanya kwa mauaji ya mwaka gani? Ukisoma kwamba mwaka fulani watu kadhaa walishtakiwa na wengine kadhaa wakapatikana na hatia, hao si watu walewale. Ni kama kuhesabu wanafunzi walioingia darasa la kwanza mwaka huu, ukawagawanya na waliomaliza darasa la nane mwaka huu, ukasema umejua wangapi waliacha shule.

Na ukitaka kiwango chako cha hatia kipande, huhitaji kushika wauaji zaidi. Shika akina mama wa chang'aa. Tuseme mwendesha mashtaka ana kesi 100, kesi 90 za wapika pombe wanaokiri siku ya kwanza na kumi za unajisi. Akishinda zote 90 na kushindwa zote kumi, ana asilimia 90. Anaweza kuipeleka kwenye mkutano wa hoteli Naivasha na kupigiwa makofi. Watoto kumi hawaalikwi Naivasha.

Usidhani nimetunga tu. Januari 2017, Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki, NCAJ, ambamo idara ya mahakama, polisi, magereza na waendesha mashtaka wote wana viti, lilitoa ukaguzi wa mfumo mzima wa haki ya jinai. Ukaguzi huo ulikuta kwamba makosa yanayotokana na hali ngumu ya maisha na yale ya kuvuruga utulivu wa jamii ni takriban asilimia 70 ya kesi zinazopita mfumoni, na kwamba mfumo wenyewe umeegemea dhidi ya maskini. Hayo waliyasema wao wenyewe, si mwanaharakati wa Mathare. Halafu mwaka uliofuata tukarudi kusoma safu ya hatia kana kwamba inapima usalama wetu. Inapima ni nani hana pesa ya faini.

Kuna kundi jingine ambalo halimo popote, si kwenye makosa wala kwenye hatia. Hawa ni waliouawa na polisi. Kijana wa Dandora anaitwa mshukiwa, anapigwa risasi, gazeti linaandika aya mbili kwamba alikuwa na bastola ya kujitengenezea. Hana kesi kwa sababu amekufa. Aliyemuua hana kesi kwa sababu aliyekufa alikuwa mshukiwa. Majedwali yana fungu la maafisa wa polisi wenyewe, ndiyo, na humo utakuta kuomba hongo na kupokea hongo. Safu ya risasi sijaiona. Kwa hiyo muungano wa mashirika ya kiraia uitwao Missing Voices huhesabu wenyewe kila mwaka. Kwa mwaka 2024 walihesabu watu 104 waliouawa na polisi na 55 waliotoweshwa kwa nguvu.

Mwaka huo tulishuhudia kwa macho jinsi namba rasmi inavyotengenezwa. Tarehe 25 Juni vijana waliingia bungeni kupinga Mswada wa Fedha, wakapigwa risasi. Tarehe 30, Rais William Ruto, akihojiwa na wanahabari ikulu, alisema waliokufa ni 19. Kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ambayo ni chombo cha katiba na si cha upinzani, ikasema ni 39. Kutoka Jumapili hadi Jumatatu maiti ziliongezeka mara mbili. Baadaye hesabu ya tume ilifika 60. Rais alizitoa wapi 19 zake? Sidhani alizitunga. Nadhani alipewa na watu walewale wanaotuhesabia kila mwaka, kwa njia ileile, kalamu ikikaa chini pale inapofaa kukaa chini.

Nimebishana na rafiki yangu mmoja anayefanya kazi na data, mtu mwerevu, na yeye husema kwamba takwimu mbovu ni afadhali kuliko kukosa. Ukizitukana sana, anasema, serikali itafurahi kuacha kuzichapisha. Namwelewa. Lakini takwimu hizi zina watu wanaozitumia. Kaunti hupangwa kwa idadi ya visa, Nairobi na Kiambu juu, kaunti za kaskazini chini. Anayesoma huona kaskazini kama mahali salama. Ukifika Wajir au Garissa utaambiwa kwamba kesi ya unajisi inaweza kumalizwa na wazee chini ya mti kwa maslaha, ngamia wakahesabiwa, na msichana asiulizwe. Hiyo nayo ni amani kwenye jedwali. Na mkuu wa kituo anayejua kwamba atapimwa kwa visa kupungua ana sababu gani ya kuandika? Kituo kinachosikiliza watu kitaonekana hatari. Kile kinachowafukuza kitaonekana shwari. Dawati la jinsia likifanya kazi yake vizuri namba lazima zipande kwanza, na siku zitakapopanda kwa sababu hiyo mtu fulani serikalini atatoka jasho na kuuliza kosa ni la nani.

Ninachodai si kigumu. Kila anayefika kwenye kaunta apewe namba, hata kama afande anadhani ni mambo ya nyumba, na namba hiyo imfuate hadi kwa daktari, hadi kwa mwendesha mashtaka, hadi hukumu, ili siku moja tuweze kuuliza kwamba kati ya walioandikwa mwaka fulani, wangapi walifika mwisho na wengine waliangukia wapi. KNBS iende majumbani kuuliza kuhusu uhalifu wote kama inavyouliza kuhusu afya, na matokeo yawekwe ukurasa mmoja na ya polisi, ubavu kwa ubavu, tuone pengo. Waliouawa na serikali wawe na safu yao. Na ubakaji uitwe ubakaji.

Binamu yangu alirudi kituoni mwaka 2021, kituo kingine, mkono ukiwa kwenye bandeji. Safari hii alikuta afande wa kike ambaye hakuiweka kalamu chini. Alipewa namba ya OB kwenye kipande cha karatasi, akatumwa kupiga fotokopi ya fomu ya P3 kwenye saiba iliyo mkabala, akaenda hospitali, akarudi. Mwaka huo visa vilivyoripotiwa vilikuwa 81,272 na yeye alikuwa mmoja wao. Nilijivuna naye kidogo, nakiri.

Kesi ilitajwa mara tano. Mara mbili faili haikuonekana, mara moja daktari hakufika. Kabla ya mara ya sita wazee wa pande zote mbili walikutana kwa mjomba wetu, wakala, wakaomba, na wiki iliyofuata binamu yangu alisimama mbele ya hakimu akasema anaondoa malalamishi. Kifungu cha 204 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinaruhusu. Hakimu alimuuliza kama kuna aliyemlazimisha. Alitazama nyuma walikokaa wazee, akasema hapana. Mshtakiwa akaachiliwa, na kisheria kuachiliwa huko ni sawa na kutopatikana na hatia.

Kwa hiyo sasa yumo kwenye vitabu. Mwaka wa kosa yumo, na mwaka wa hukumu kuna mwanamume mmoja aliyeshtakiwa kwa kumuumiza, ambaye mahakama ya Kenya imesema hana hatia. Nilimuuliza juzi kama bado anayo ile karatasi ya OB. Alisema iko kwenye mkoba wa vyeti, pamoja na kadi za kliniki za watoto. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Si huwezi jua. Nikirudi wasije wakaniambia hii ni mara ya kwanza."